Peugeot 504 inachemsha kwenye foleni: feni ya sumaku ifufuliwe, au ifungwe ya umeme?

#1 Silinda_Nne

Wakuu, habari za kazi.

Gari ni Peugeot 504 GL, injini XN1 ya cc 1971, kabureta, gia za mkono, haina AC. Barabara ikiwa wazi, kwenye 80 kwa saa sindano ya joto inakaa katikati bila wasiwasi. Ikiingia foleni tu, muda si mrefu sindano inapanda na maji yanasukumwa kwenye chupa ya akiba. Ukifungua boneti unakuta feni ya sumaku haishiki, inazunguka kivivu huku puli inakimbia. Rejeta ni ya shaba, ile ya awali, haivuji. Themostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) ipo.

Kuna mapendekezo mawili mezani. La kwanza: kaza zile skrubu tatu feni ishike moja kwa moja. La pili: toa feni yote, funga ya umeme ya Corolla pamoja na rilei (swichi inayoamrishwa na umeme mdogo). Mimi naegemea la pili, kwa sababu vipuri vya feni ya sumaku ni vya kutafuta kwa tochi, na feni ya umeme inajulikana na kila fundi. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo.

#2 Fila_Geji

Napinga, mkuu. Kabla hujatupa kile kifaa, kielewe kwanza, kwa sababu watu wengi wanakitoa kikiwa kizima.

Ndani ya puli ya pampu ya maji kuna koili ya sumaku. Nyuma ya puli kuna pete ya shaba, na kwenye hiyo pete inagusa kaboni moja ndogo yenye springi. Swichi ya joto kwenye rejeta ikifika kama nyuzi 84 inapeleka umeme kwenye kaboni, koili inavuta bamba la feni, na feni inazunguka sawa na puli. Maji yakishuka hadi karibu nyuzi 75, umeme unakatika na feni inaachia. Kwa hiyo vipo vitu vitano tu vya kufa: swichi, waya, kaboni, koili, na pengo kati ya sumaku na bamba.

Pima hivi. Zima injini, zungusha feni kwa mkono: iwe huru. Chukua waya kutoka chanya ya betri, gusa nguzo ya kaboni. Ukisikia "tak" na feni ikakataa kuzunguka peke yake bila puli, koili na kaboni ni vizima, tatizo lako liko kwenye swichi au waya. Usiposikia kitu, chomoa kishikio cha kaboni utazame urefu wake. Kaboni ikiisha springi inabaki hewani na haigusi pete.

Ikivuta kwa unyonge, pima pengo kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi). Linatakiwa milimita 0.35, na upimwe mkabala wa kila skrubu kati ya zile tatu, si sehemu moja. Legeza nati ya kufungia, geuza skrubu kidogo kidogo, pima, kaza nati, pima tena, kwa sababu nati ikikazwa pengo huhama. Likiwa pana sumaku haina nguvu ya kuvuka. Likiwa finyu bamba linakwaruza muda wote na kuchoma nyuso zake.

Gharama ya hayo yote ni jioni moja na kipande cha msasa wa 400 kwa ajili ya pete.

#3 FundiWaya

Fila_Geji kaeleza vizuri ila kaacha upande mmoja. Injini ikisimama foleni inazunguka 800 hadi 900 kwa dakika. Hata feni ya sumaku ikishika kwa asilimia mia, nayo inazunguka taratibu hivyo hivyo. Feni ya umeme nzuri inazunguka zaidi ya 2000 hata injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na haijali injini iko wapi. Hata magari karibu yote ya injini ya kukaa kwa ubavu yanatumia umeme, kwa kuwa puli zao hazitazami rejeta. Kwa gari inayoishi mjini, jibu ni umeme.

Na kuna faida ya pili: unaokoa nguvu ya injini iliyokuwa inaliwa na feni.

#4 Fila_Geji

Hiyo faida ya pili kwa 504 haipo, mkuu. Feni inayokula nguvu ni ile iliyofungwa moja kwa moja kwenye puli, na ni kweli inakula sana, kwa sababu mzunguko ukizidi mara mbili nguvu inayoliwa inazidi mara nane. Peugeot walishalimaliza hilo tatizo kwa sumaku tangu enzi za 404. Kwenye barabara wazi feni imeachia, haili kitu. Ukifunga ya umeme unabadilisha feni inayojizima kwa feni nyingine inayojizima.

Atakayepoteza nguvu ni yule atakayekaza skrubu tatu ishike moja kwa moja. Hiyo ni njia ya dharura ya kukufikisha nyumbani. Ikibaki hivyo miezi, utaisikia ikinguruma kwenye gia ya tatu, na bearingi ya pampu ya maji itaanza kulia.

#5 Kitonga_Juu

Mnaongea foleni tu. Hii gari haijawahi kupanda mlima?

Chukua mlima Kitonga wa Iringa, nyuma ya lori lenye mzigo. Uko gia ya pili, injini inazunguka 3000 hadi 3500, mwendo kilomita 25 kwa saa, na mara nyingi upepo unatokea mgongoni. Pale hakuna hewa inayoingia mbele yenyewe, na joto ni la injini inayovuta kweli, si la kusimama. Feni ya sumaku inazunguka pamoja na injini, kwa hiyo inavuta hewa mara nne ya ile ya sailensa. Feni ya Corolla inazunguka vile vile kama ilivyokuwa kwenye foleni ya Mwenge, Dar, na yenyewe iliundwa kwa rejeta ndogo ya injini ya cc 1300 au 1500.

Foleni, ya umeme inashinda. Mlima wa polepole na mzigo, ya puli inashinda. Kwa Familiale (504 ya stesheni wagon) yenye watu saba na mizigo juu, au pikapu, mimi sifungi ya umeme peke yake.

#6 Mama_Kabureta

Salaam. Naona mmekimbilia feni. 504 yenye afya haitakiwi kuchemsha upesi kiasi hicho kwenye sailensa hata feni ikiwa imekufa kabisa; itapanda, lakini kwa muda. Ikipanda haraka, joto linatengenezwa kwa wingi kuliko kawaida. Angalia:

Taiming, yaani wakati wa plagi kupiga moto. Moto ukichelewa, mchanganyiko unaendelea kuungua wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka, na joto lote linaingia kwenye hedi. Tumia taa ya taiming, usiseti kwa sikio. Angalia na vizito vya ndani ya distribyuta kama havijashika kutu, pamoja na diaframu ya vakyumu: nyonya kwa mdomo kwenye kile kimpira, ziba kwa ulimi, ikiachia imepasuka.

Mchanganyiko. Gasketi ya chini ya kabureta ikivuta hewa ya pembeni, sailensa inakuwa kavu (hewa nyingi, petroli kidogo) na joto linapanda. Pulizia maji kidogo kuzunguka kitako cha kabureta. Injini ikibadilisha mlio umepata pa kuvuja.

Breki zinazoshika pia. Kagua rimu baada ya mwendo mfupi. Moja ikiwa ya moto kuliko zingine, injini inavuta mzigo usioonekana.

#7 Rift_504

Habari kutoka Nairobi. Naongeza kitu cha mwinuko, kwa kuwa wengi husahau. Kwa mita 1,700 hivi, maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94 na nusu, si 100. Kifuniko cha radieta kikiwa kizima, kila 0.1 ya bar huongeza kama nyuzi 2 na nusu. Kifuniko kikilegea, gari inachemka ilhali sindano haijafika nyekundu, na mtu hudhani ni feni. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi, tazama mpira wa chini kama umekakamaa au una alama ya kukatika. Hicho ndicho kipuri cha bei ya chini kuliko vyote katika uzi huu.

Na tukumbuke hii gari ilishinda Safari Rally 1975 na 1978 kwenye vumbi na matope. Mfumo wake wa kupoza si mbovu.

#8 Familiale7

@Rift_504 sahihisho dogo: ya 1975, ya Ove Andersson, ilikuwa 504 ya milango minne. Ya 1978 ya Jean-Pierre Nicolas ilikuwa Coupé ya V6, injini nyingine kabisa. Usiiweke kwenye hoja ya XN1.

#9 Rift_504

Sawa kabisa, asante. Ya 1975 yatosha kwa hoja yangu.

#10 FundiWaya

Narudi kwa aliyeuliza. Akiamua umeme, afanye hivi ili isiwe ya kuungua njiani.

Kwanza pima nafasi: upana na urefu wa sega la rejeta (ile sehemu ya mirija na mapezi), halafu kina kutoka segani hadi ncha ya puli. Usinunue feni kabla ya hicho kipimo cha tatu, ndicho kinachowaumbua wengi.

Feni ya inchi 14 hadi 16 inakula kati ya ampea 12 na 22 ikiwa inazunguka, na inapoanza inaruka mara mbili au tatu ya hapo kwa kitambo kidogo. Kwa hiyo: fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye nguzo. Rilei ya ampea 40. Kwenye miguu ya rilei, namba 30 inatoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda feni, 86 inapata umeme wa swichi ya gari, 85 inakwenda kwenye swichi ya joto na kuishia athi (upande hasi).

Waya usiwe mwembamba. Piga hesabu: waya wa milimita mraba 1.5, mita nne kwenda na kurudi, ampea 20, unapoteza karibu volti 1 njiani. Wa milimita mraba 4 unapoteza kama volti 0.4. Hiyo volti iliyopotea ndiyo kasi ya feni. Athi ya feni irudi kwenye nguzo hasi ya betri au kwenye bolti ya injini iliyosafishwa hadi chuma, isiishie kwenye bati la mbele lenye rangi na kutu.

#11 Kazi_Bure

Swichi ya joto achague ya nyuzi ngapi? Huku mtaani wanasema weka ya chini kabisa ili feni iwahi.

#12 FundiWaya

Kosa hilo, mkuu. Themostati ikiwa ya nyuzi 82, maji hayawezi kukaa chini ya hapo injini ikishapata moto. Ukiweka swichi ya kuwaka 80 na kuzima 75, feni itazunguka karibu muda wote, na mota itachoka mapema. Swichi ikiwa juu, yanapoingia maji ya moto, chagua ya kuwaka 92 kuzima 87. Ikiwa chini, yanapotoka yakiwa yameshapoa, ya kuwaka 88 kuzima 83 inafaa. Nyingi za magari ya Ulaya zina uzi wa M22 kwa 1.5, unaweza kuchomea kitako chake kwa lehemu kwenye tangi la shaba.

Swichi za kubana kwenye mapezi ya sega kwa sindano, achana nazo. Zinasoma joto la pezi moja.

#13 Fila_Geji

Au aitumie swichi ya awali ya Peugeot kama bado nzima. Ile ilitengenezwa kubeba mkondo mdogo wa koili, na koili ya rilei inakula mdogo zaidi, kwa hiyo haichoki. Hapo hatoboi wala kuchomea kitu. Apime tu kwa multimita kwanza ajue swichi yake inapitisha chanya au inakata athi, maana waya zimeshaguswa na mikono mingi, kisha apange 85 na 86 kufuatana na hilo.

#14 Silinda_Nne

Asanteni. Majibu ya vipimo:

Chanya ya betri kwenye kaboni: "tak" ipo ila hafifu, feni inashika lakini ukiilazimisha kwa mkono inateleza. Pengo: 0.70, 0.55, 0.60. Kaboni imebaki kama milimita 4. Swichi: nimeichomoa na kuitia kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, kwenye nyuzi 84 kimya, kwenye 90 kimya, ikashika kwenye 93 hivi. Kifuniko: mpira umekakamaa. Taiming bado.

Bunduki ya kupimia joto kwenye rejeta: juu inasoma 61, chini 50, kona ya chini kulia 38.

#15 Fila_Geji

Umejijibu. Pengo karibu mara mbili ya linalotakiwa na swichi imechelewa nyuzi tisa. Feni ilikuwa inapewa amri maji yakiwa tayari karibu kuchemka, na ikipewa haina nguvu ya kushika.

#16 Mzibo_Rejeta

Taratibu. Hiyo 61 juu wakati injini inachemsha haiwezekani. Shaba na lehemu inayong'aa inaidanganya bunduki ya joto, inasoma chini sana. Bandika vipande vya tepu nyeusi ya umeme juu, katikati, chini, na kwenye kona zote, subiri dakika mbili, pima juu ya tepu.

Lakini ile kona ya 38 naiamini, maana hata kipimo kikidanganya kinadanganya sawasawa kwenye sega lenye rangi moja. Kona ya chini iliyopoa ni mirija iliyoziba: maji hayapiti, ndiyo maana haina joto. Rejeta ya namna hiyo inatosha kwenye 80 kwa saa kwa sababu hewa ni nyingi, inashindwa kwenye foleni ambako hewa ni kidogo. Dalili zake ni zile zile za feni mbovu. Fungua matangi, chokoa mirija mmoja mmoja kwa ubapa wa chuma laini, usitumie msumeno. Dawa ya tindikali peke yake inakula lehemu kabla ya kula chokaa.

Chanzo ni maji ya kisima. XN1 ina hedi ya aluminiamu na silinda za kuchomeka zinazooga majini moja kwa moja. Bila kulanti (dawa ya maji ya rejeta), aluminiamu inatoa unga mweupe, na unga wote unatua kwenye rejeta. Nusu kulanti, nusu maji ya mvua au ya betri.

#17 Mama_Kabureta

Na taiming bado haijapimwa. Nasubiri hapo.

#18 PwaniDizeli

Ufumbuzi rahisi: acha feni ya sumaku nyuma, funga ya umeme mbele ya rejeta isukume hewa. Zote mbili. Foleni ya umeme, mlima ya sumaku. Kila mtu anafurahi.

#19 Kitonga_Juu

Nakubali kwa nusu. Feni ya mbele inafunika sega. Mota yake na fremu ni ukuta kwenye njia ya hewa, na feni iliyozimwa ni kizuizi barabara nzima. Kama utaiweka, iwe ya inchi 10 au 11, nyembamba, na uiweke pembeni, isikae mbele ya ile eneo feni ya nyuma inapovutia. Halafu hakikisha inasukuma. Kuna waliofunga ya kuvuta mbele, mbili zikawa zinagombana.

#20 Kazi_Bure

Ikiwa ya kuvuta, si unageuza tu mapanga kwenye ekseli yake yaangalie upande wa pili?

#21 Kitonga_Juu

Hapana. Panga ni kama uzi wa skrubu: skrubu ya kulia ukiigeuza kichwa chini bado ni ya kulia. Ukigeuza mapanga bila kugeuza mzunguko, hewa inaelekea kule kule, ila kwa mgongo wa panga, kwa hiyo dhaifu na kwa kelele. Ili hewa igeuke lazima ubadilishe chanya na hasi ili mota izunguke kinyume, NA ugeuze mapanga ili ule upinde wake ukabiliane na hewa. Mota nyingine kaboni zake zimekaa kwa pembe ya upande mmoja, hazipendi kuzungushwa kinyume. Nunua iliyo sahihi.

Kipimo: karatasi moja ya daftari mbele ya rejeta. Feni ya nyuma ikivuta vizuri, karatasi inanata segani popote utakapoiweka. Ikidondoka pembeni na kunata katikati tu, huna kava la kuelekeza hewa ya rejeta yote kwenye feni.

#22 FundiWaya

Hapo kwenye kava ndipo penye kazi, na hamjapagusa. Feni ya sentimita 35 inafagia kama sentimita mraba 960. Sega la sentimita 45 kwa 40 lina 1,800. Bila kava, nusu ya rejeta inapata hewa na nusu inatazama tu. Tengeneza kava la bati la geji 20 au aluminiamu ya milimita 1.5, lifunike sega lote, mapanga yakae sentimita 3 au zaidi kutoka segani ili hewa ijikusanye kutoka pembeni. Ukibana feni segani moja kwa moja, kava halina maana.

Lakini kava lililoziba kila mahali linakaba hewa ukiwa 100 kwa saa. Toboa madirisha mawili au matatu kwenye kona, juu ya kila moja tundika kipande cha mpira wa tyubu kilichofungwa upande wa juu tu. Feni ikivuta, mpira unanyonywa na kuziba. Gari ikikimbia, hewa inausukuma na kupita.

Mwisho: usifunge feni kwa zile pini za plastiki zinazopita katikati ya sega. Zinasugua mirija kwa mtetemo, na barabara ya vumbi haichukui muda kuitoboa. Tumia engo ya aluminiamu ya 25 kwa 3, ishike kwenye masikio ya pembeni ya rejeta, na weka mipira kwenye bolti.

#23 Familiale7

Na alteneta? Piga jumla ya usiku wa mvua kwenye foleni: moto wa plagi ampea 4, taa kubwa mbili za wati 55 ampea 9, taa ndogo na dashibodi 3, wipa 4, feni 18. Jumla 38. Alteneta nyingi za 504 za zamani ni za ampea 30 hadi 50, na kwenye sailensa hazitoi hata nusu ya hapo. Betri ndiyo inayolisha feni. Taa zinafifia, feni inapungua kasi, joto linapanda, yaani umerudi ulikoanza. Feni ya umeme bila alteneta ya ampea 60 au 70 ni kazi nusu. Alteneta ya 505 inaingia kwa kubadilisha kishikio na kulinganisha mstari wa mkanda; weka rula ndefu kwenye puli, zisipishane zaidi ya milimita 1.

#24 PwaniDizeli

Kwa dizeli hesabu ya moto wa plagi haipo, ila mengine ni yale yale. Swali: namba 86 ya rilei ikitoka moja kwa moja kwenye betri, feni iendelee baada ya kuzima gari, si bora? Joto linaruka sana ukizima.

#25 FundiWaya

Mimi sipendi. Pampu ya maji imeshasimama, kwa hiyo unapoza maji yaliyoko kwenye rejeta tu, ya kwenye hedi yako pale pale. Na swichi ikigandia asubuhi huna betri.

#26 Kitonga_Juu

Mimi napenda. Maji hayasimami kabisa, ya moto hupanda yenyewe kwenye mpira wa juu na ya baridi hushuka, polepole lakini yanazunguka. Na feni inatoa hewa ya moto chini ya boneti, petroli haichemki kwenye kabureta. Ukizima gari ya moto na kuwasha baada ya dakika kumi ikakataa, mara nyingi ni hilo.

#27 Mama_Kabureta

Hapo kwenye kabureta namuunga mkono Kitonga_Juu.

#28 Jogoo_wa_Gereji

Nyie wote mnazunguka. Toa themostati, gari haitachemsha. Mafundi wa Gerezani, Dar, wote wanafanya.

#29 Mzibo_Rejeta

Ukitoa themostati maji yanapita haraka mno kwenye rejeta, hayapati muda wa kupoa.

#30 Fila_Geji

Nyote wawili siwaungi mkono. Maji yakipita haraka yanabeba joto zaidi, si pungufu. Yanarudi mara nyingi zaidi kwenye rejeta. Ubaya wa kutoa themostati ni kwamba injini haifiki joto lake ikiwa barabara wazi, oili inabaki nzito na inakusanya unyevu, silinda zinakwisha. Foleni bado itachemsha, kwa sababu themostati ikiwa imefunguka yote ni kama haipo.

#31 Mzibo_Rejeta

Kwa nini basi zipo gari zilizotolewa themostati zikachemsha, zikarudishiwa zikapoa?

#32 Fila_Geji

Kwa injini zenye njia ya mkato, themostati ikifunguka inaziba ile njia. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika rejeta.

#33 Mzibo_Rejeta

Hilo linaelezea baadhi. Halielezei zote.

#34 Rift_504

Kwa mwenye uzi: feni za mtumba hapa Kirinyaga Road huuzwa kwa sura. Usiamini kibandiko. Nenda na betri na klampu ya kupimia ampea. Feni mbili za aina moja, ile inayokula zaidi na kuzunguka taratibu ina bushi iliyokwisha. Shika ncha ya panga, sukuma mbele na nyuma. Ikicheza zaidi ya milimita 1, iache. Ukiizima iendelee kuzunguka sekunde kadhaa, isikwame ghafla. Feni ya Corolla ni ndogo kwa 504, tafuta ya gari ya cc 2000 kwenda juu yenye kava lake, hata kama utalipunguza.

#35 Silinda_Nne

Nimeset pengo 0.35 pande zote tatu, kifuniko kipya, swichi bado ile ile ya kuchelewa. "Tak" sasa inasikika hadi nje ya gereji. Tepu nyeusi: juu 91, chini 82, kona ya kulia 57. Foleni ya jioni imefika robo tatu ya geji na kusimama hapo, maji hayajarudi kwenye chupa.

Taiming nayo ilikuwa nyuma, dada Mama_Kabureta. Bado sijairekebisha ili nisichanganye matokeo.

#36 Mama_Kabureta

Umefanya vizuri, kimoja kwa wakati. Irekebishe sasa kabla ya kununua chochote.

#37 Mzibo_Rejeta

Kona bado 57, tofauti ya nyuzi 25 na sehemu iliyo jirani yake. Rejeta ifunguliwe.

#38 FundiWaya

Robo tatu ni jioni. Njoo na saa nane mchana, Machi. Umeme bado uko mezani.

#39 Kazi_Bure

Swichi ya kuchelewa aipate wapi nyingine, au aifungie ya 88/83 kwenye ile ya sumaku?

#40 Fila_Geji

Inawezekana, ila asiiache ipitishe umeme wa koili yenyewe moja kwa moja. Koili ikikatwa inarudisha cheche kwenye ncha za swichi, huenda ndiyo iliyoila hiyo ya kwanza. Aweke rilei ndogo: swichi iamrishe rilei, rilei ilishe kaboni kwa waya wa milimita mraba 1.5 na fyuzi ya ampea 5. Uzi wa tundu aupime kwa kaliba kabla ya kununua, wa awali unaweza usilingane na M22. Ukipishana, atengeneze adapta ya shaba kwa mchonga vyuma, na ncha ya swichi izame majini. Ikibaki ndani ya adapta itasoma maji yaliyosimama na kuchelewa tena.